Kupima Kabla ya Kuhukumu

Mtu akaaye katika nchi hii ya Geita hapiti siku nyingi pasipo kuona watu wakipima. Mchimbaji akitoka na kipande chake cha dhahabu humwendea mnunuzi, naye mnunuzi hakubali mng'ao peke yake. Hukisugua kipande juu ya jiwe jeusi, akatia tone la asidi juu ya mchirizi uliobaki, akangoja aone kama utafutika au utadumu. Tena hukipima hewani, kisha hukipima mara ya pili kikiwa kimening'inia ndani ya maji, kwa kuwa dhahabu safi ina uzito uzidio mara 19 uzito wa maji ya ujazo ule ule, wala shaba haiwezi kuuiga uzito huo. Tangu soko la madini lilipofunguliwa mjini Geita mwaka 2019, mambo ya mizani na vipimo yamezidi kuzoeleka, hata watoto huyataja katika michezo yao. Hapana mwenye akili anunuaye dhahabu kwa macho tu.

Walakini sisi, tuliokaa miaka kadhaa katikati ya watu wapimao namna hii, tulimhukumu mwanafunzi wetu kwa kipimo kimoja, na kipimo chenyewe tulikisoma vibaya. Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza leo, pamoja na njia iliyo sahihi ya kupima transista, kwa faida ya walimu wenzetu na vijana wapendao ufundi. Aibu ni yetu. Faida na iwe ya wote.

Shuleni petu palikuwa na sanduku la kugawia umeme, ambalo mafundi huliita pawasapulai. Lilitengenezwa na mwalimu aliyetutangulia, kwa masomo ya Fizikia, na siku za mikutano liliendesha kipaza sauti. Msomaji atatuvumilia tukieleza yaliyomo ndani yake, maana asipoyajua hatalielewa kosa letu. Kwanza mlikuwa na transfoma, iupokeayo umeme wa nyumba wa volti 230 na kuushusha hata volti 15. Pili, dayodi nne, ambazo kazi yake ni kuushika umeme uendao na kurudi, uende upande mmoja tu. Tatu, kapasita kubwa, ambayo huuweka umeme akiba kama pipa liwekavyo maji ya mvua; na hapo volti hufika karibu 20. Nne, kidhibiti kidogo chenye miguu mitatu kiitwacho 7812, kizitoacho volti 12 sawasawa, wala hazizidi.

Kidhibiti hicho ni mlinzi mwaminifu, lakini mabega yake ni membamba: mzigo wa ampea moja na kidogo humchosha. Kwa hiyo ubavuni pake paliwekwa mchukuzi, yaani transista kubwa ya gamba la chuma, jina lake MJ2955. Na kati ya emita ya transista hiyo na beizi yake palilehemiwa rezista ndogo ya omu 3. Mzigo ukiwa mdogo, umeme wote hupita katika rezista hiyo na kwenda kwa kidhibiti. Mzigo ukizidi, volti zilizo juu ya rezista hufika karibu 0.7, ndipo transista huamka na kuchukua sehemu kubwa ya kazi. Twamwomba msomaji aikumbuke sana rezista hiyo ya omu 3, kwani ndiyo iliyotuponza.

Na transista ni nini? Ni mfano wa koki katika bomba la maji. Umeme mkubwa hupita kati ya emita na kolekta, na umeme mdogo upitao katika beizi ndio ufunguao au ufungao njia. Zamani kazi hiyo ilifanywa na taa za kioo, zilizokula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, mabwana John Bardeen na Walter Brattain walifaulu kutengeneza transista ya kwanza. Na mwaka 1956 wao pamoja na William Shockley walipewa tuzo ya Nobel ya Fizikia. Leo kitu hicho kimo katika simu, redio na televisheni, hata katika vijiji vyetu.

Hata siku moja, wakati wa somo la vitendo, sanduku likazima. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa ameshika nyaya mbili mkononi. Tulipomkaribia tuliona ncha zake ziko karibu kugusana, tukasema mara ile ile kwamba amepiga shoti. Kijana akajibu kwa heshima, "Mwalimu, taa ilikuwa imekwisha kuzimika kabla sijaunga waya." Sisi hatukumsikiliza. Tulikuwa na madarasa mengine yakitungoja, na sanduku lilikuwa moja tu katika shule nzima.

Jioni tukalifungua. Tukaichukua mita, tukaiweka penye alama ya dayodi, tukagusa beizi na emita ya ile transista kubwa, ikiwa bado imelehemiwa mahali pake. Mita ikalia, na kioo kikaonyesha 0.00. Tukabadilisha ncha, nyekundu mahali pa nyeusi. Ikalia vile vile. Basi tukafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Tulikuwa tumefundishwa chuoni kwamba transista isomayo sifuri pande zote mbili imekufa kwa shoti. Tukaandika barua kwa mlezi wa kijana, naye ni bibi yake mzaa baba, kwamba alete shilingi 30,000 kwa ajili ya uharibifu. Bibi akazileta siku ya pili, zimekunjwa katika kitambaa, wala hakusema neno. Siku ya tatu kijana hakuja shuleni. Siku ya nne tukasikia kwamba ameonekana njia ya Nyarugusu, akielekea machimboni.

Tukanunua transista mpya, tukailehemu kwa uangalifu, tukawasha. Sanduku halikuwaka. Tukaketi tukalitazama muda mrefu. Hapo ndipo shaka ya kwanza ilipotuingia, nayo haikuwa shaka juu ya mashine tu.

Siku ya Jumamosi tukalifunga sanduku juu ya pikipiki, tukaitia ile transista kuukuu mfukoni, tukaenda Katoro kwa mzee mmoja fundi wa redio, mwenye kibanda kidogo karibu na soko. Tulimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mzee," naye akaitikia, akatupa kigoda. Tukamweleza habari yote. Alipokwisha kusikia, akauliza neno moja tu.

"Mwalimu, ulipoipima, ilikuwa imelehemiwa au uliing'oa?"

Tukajibu kwamba ilikuwa imelehemiwa.

"Basi hukuipima transista," akasema. "Ulipima kijiji kizima."

Akatuonyesha kwa kidole ile rezista ya omu 3, iungwayo kati ya beizi na emita. Mita haiwezi kujua ni njia ipi tunayoiuliza habari zake. Hupeleka umeme wake mdogo, na umeme hupita palipo rahisi. Ulipita katika omu 3, mita ikalia, nasi tukadhani ni transista iliayo. Kisha akaitwaa ile transista kuukuu mfukoni mwetu, akaiweka juu ya ubao mkavu, akaipima. Akasoma 0.58, akasoma 0.56, kisha hakuna kitu, na tena hakuna kitu. Akatutazama akasema, "Hii ni nzima." Tuliona nguvu zikituishia miguuni.

Lakini mzee hakutuacha hapo. Akauliza, "Sanduku lilizima kabisa, au lilitoa volti nyingi kupita kiasi?" Tukasema lilizima kabisa. Akatikisa kichwa. "Hata bila mita ungalijua. Transista ya namna hii ikipiga shoti tangu emita hata kolekta, mlango wote hufunguka, na zile volti 20 hutoka nje bila mlinzi. Na ikikatika kabisa, kidhibiti bado hutoa volti 12 kwa mzigo mdogo. Ugonjwa wa transista hii peke yake hauwezi kulizima sanduku kabisa. Ulimshtaki mtu kwa kosa ambalo dalili zake hazikuwapo."

Kisha akafanya lile ambalo sisi tulipaswa kulifanya kwanza. Aliufuata umeme tangu chanzo chake, kama mtu aufuatavyo mfereji wa maji shambani. Penye transfoma palikuwa na volti 15. Penye dayodi hapakuwa na kitu. Kati ya mahali hapo pawili palikuwa na waya mmoja na lehemu moja, na lehemu hiyo ilikuwa imepasuka kuuzunguka waya, ufa mwembamba kama unywele, kwa sababu ya kupata joto na kupoa miaka mingi. Akaigusa kwa chuma cha moto na risasi kidogo, na taa ya sanduku ikawaka. Kazi yote ilichukua muda usiozidi kunywa kikombe cha chai. Hapakuwa na shoti. Kijana alikuwa amesema kweli.

Sasa twaeleza njia ya kupima kama alivyotufundisha mzee yule.

Kwanza, ondoa mashine katika umeme, na usiguse kitu kabla ya kuhakikisha kwamba kapasita imemaliza akiba yake. Sanduku letu lilikuwa la transfoma, na volti zake baada ya transfoma ni chache. Lakini televisheni za siku hizi, na vifaa vingi vinginevyo, huunyosha ule umeme wa volti 230 moja kwa moja, na kapasita yake hubeba volti karibu 320, ambazo huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hizo huua. Zimalizwe kwa taa ya kuchemka au rezista kubwa, kisha zipimwe kwa mita, ndipo mkono uingie.

Pili, ijue transista kabla ya kuiuliza. Soma jina lake. Ya gamba la chuma kama MJ2955 ina miguu miwili tu, beizi na emita. Gamba lenyewe ndilo kolekta. Tena ziko namna mbili, PNP na NPN, na majibu yao ni kinyume. MJ2955 ni PNP. Ndugu yake 2N3055, afananaye naye kwa sura kama pacha, ni NPN. Ziko na nyingine zilizofichiwa dayodi au rezista ndani ya gamba, kama zile za televisheni za zamani za kioo kinene. Hizo zikipimwa kwa kanuni ya kawaida huonekana mbovu hali ni nzima.

Tatu, ing'oe, au angalau ifungue miguu yake miwili. Kisha weka mita penye alama ya dayodi. Kwa PNP, ncha nyeusi iguse beizi. Ncha nyekundu iguse emita, kisha kolekta. Mara zote mbili mita yapasa kuonyesha kati ya 0.5 na 0.7. Geuza ncha: nyekundu katika beizi, nyeusi katika emita, kisha kolekta, mita isionyeshe njia yo yote. Mwisho pima kati ya emita na kolekta, huku na huku; pasiwe na njia. Hivyo vipimo ni sita. Kwa NPN anza na ncha nyekundu katika beizi. Ikiwa mahali po pote pasomeka sifuri pande mbili, hiyo imepiga shoti; ikiwa beizi haionyeshi njia kwa emita au kwa kolekta upande wo wote, imekatika.

Nne, wenye mita za zamani za mshale wajihadhari. Katika nyingi za mita hizo, zinapopima omu, ncha nyeusi ndiyo itoayo umeme chanya wa betri iliyomo ndani, kinyume cha mita za tarakimu. Mtu asiyelijua jambo hilo ataiita PNP kuwa NPN. Tena usizishike ncha kwa vidole wakati wa kupima omu nyingi, usije ukaupima mwili wako.

Tano, kumbuka kwamba mita hupeleka umeme mdogo sana. Yaweza kukuambia kwamba transista imekufa. Haiwezi kuapa kwamba itauchukua mzigo. Ziko transista za bandia madukani, zenye jina kubwa juu ya gamba na moyo mdogo ndani, ambazo hufaulu vipimo vyote sita na kuungua siku ya kwanza ya kazi. Hata lile jiwe jeusi la mnunuzi wa dhahabu husema habari za ngozi ya kipande tu. Ndiyo maana mnunuzi huongeza kipimo cha maji. Kila kipimo hujibu swali lake peke yake. Ni juu ya mpimaji kujua ni swali gani aliloliuliza.

Tulirudi kutoka Katoro na sanduku linalowaka, lakini safari yetu haikuwa imekwisha. Jumapili alasiri tulikwenda kwa bibi wa yule kijana. Tulimwita Mayu, kama desturi ya huku, tukamrudishia fedha zake kwa mikono miwili, tukamwambia kwamba mjukuu wake hakukosa. Bibi hakuzihesabu. Akasema, "Mwalimu, mtoto aliniambia kweli usiku ule ule. Nilileta fedha kwa kuwa wewe ndiwe mwalimu." Neno hilo lilituchoma kuliko matusi. Alituamini kuliko mtoto wake mwenyewe, nasi tulikuwa tumeiamini mita tusiyoielewa.

Kesho yake tukaomba ruhusa, tukaenda kumtafuta kijana. Tulimwona kwenye karasha moja, mahali wasagapo mawe ya dhahabu, naye anabeba viroba vya mawe, vumbi jeupe limemfunika hata kope. Hatua chache kutoka pale ulikuwa mwalo wa kuoshea, na watu wakichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Mshindo wa mashine ulikuwa mkubwa, hata tukalazimika kumpungia mkono. Akatua mzigo, akaja, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Tukamwambia, "Mwanangu, mita ilisema, nasi hatukuielewa. Wewe ulisema, nasi hatukukusikiliza. Tumekuja kukuomba radhi."

Alinyamaza kitambo, akiitazama miguu yake. Tulidhani atatukataa, na kama angalitukataa tusingalikuwa na la kujibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ilikuwa nini?"

Tukamweleza habari za ile lehemu iliyopasuka. Akafikiri. Akasema, "Basi mita ililia kwa sababu ya ile rezista ya omu 3." Wala sisi hatukuwa tumeitaja rezista hiyo. Aliiona siku tuliyowachorea njia za sanduku ubaoni, akaiweka moyoni. Jambo ambalo sisi tulilijua Jumamosi kwa msaada wa mzee, yeye alilifahamu kwa fikira zake amesimama kati ya mawe.

Alirudi shuleni baada ya juma moja, akiisha kulipwa ujira wake. Mtihani wa muhula ulikuwa umekwisha kufanyika, wala hatukuweza kumrudishia. Lakini tulisimama mbele ya darasa lake, mahali pale pale tulipomshtaki, tukakiri kosa letu kwa maneno yasiyofichika. Wanafunzi walikaa kimya kabisa. Labda hawakuwa wamepata kumsikia mwalimu akisema, "Nimekosa." Tangu siku ile, mita ya shule ikitumika, kijana huyo ndiye huitwa kuishika, nasi husimama kando. Kila mara kabla ya kugusa huwauliza wenzake, "Imeng'olewa?"

Ile transista kuukuu hatukuirudisha katika sanduku, ingawa ni nzima. Imewekwa juu ya meza yetu, karibu na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Tukitaka kuandika jina la mtoto katika kitabu cha makosa, huitazama kwanza, tukajiuliza kama tumempima yeye, au tumepima kijiji kizima: utoro wa mwenzake, ukali wa nyumbani kwao, uchovu wetu wenyewe wa siku ile.

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Kuhusu ulimi wetu, muhula mmoja wa mtoto ulipotea, na hapana lehemu iwezayo kuuunga tena. Walimu wenzetu, twawasihi: ng'oeni kwanza, pimeni mara sita, na shahidi akisema, msikilizeni kabla ya mita.